Vituo vitatu, diwani tatu: shajara ya kijitabu cha Kezilahabi

3 Februari

Tumekubaliana leo, mimi na wenzangu wawili, kwamba kijitabu chetu kitamhusu Euphrase Kezilahabi peke yake, si "washairi wa kisasa" kwa jumla. Mpango wa awali ulikuwa mpana mno. Kila mshairi angepata kurasa mbili, picha na orodha ya vitabu, na mwanafunzi wa kidato cha sita angekifunga kijitabu akiwa na majina mengi kichwani bila shairi hata moja moyoni. Mtu mmoja, kazi yake ya maisha yote, diwani zake tatu, yaani vitabu vyake vitatu vya mashairi: hilo linafundishika.

Nimeanza na yasiyo na ubishi. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma seminari ya Nyegezi, Mwanza, akaingia chuo kikuu Dar es Salaam na kupata shahada ya kwanza mwaka 1970, mwaka uleule ambao chuo hicho kilijitoa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kusimama chenyewe. Alifundisha sekondari kwa muda, kisha akarudi Mlimani, kwenye chuo kikuu hichohicho cha Dar es Salaam, kuwa mwalimu katika Idara ya Kiswahili. Uzamili aliupata mwaka 1976 kwa tasnifu kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Uzamivu aliupata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, Marekani. Mwaka 1995 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, Gaborone, akawa profesa huko. Alifariki Januari 2020.

Vitabu navyo nimeviandika kwenye karatasi ndefu na kuibandika ukutani. Kesho nitaongeza pembeni safu ya kazi za chuo, mwaka kwa mwaka, nione zinakaaje.

5 Februari

Karatasi ya ukutani imeanza kusema.

Riwaya nne za mwanzo zimesongamana ndani ya muda mfupi: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979. Halafu kimya cha riwaya mpaka Nagona mwaka 1990 na Mzingile 1991. Mashairi yamekwenda kwa mwendo mwingine kabisa. Kichomi ilitoka mwaka 1974, Karibu Ndani mwaka 1988, Dhifa mwaka 2008. Miaka 14 kati ya ya kwanza na ya pili, miaka 20 kati ya ya pili na ya tatu.

Ukiweka safu ya chuo pembeni, kila diwani inaangukia mahali tofauti pa kazi yake. Kichomi ni ya mwalimu kijana wa Mlimani ambaye bado hajamaliza uzamili. Karibu Ndani ni ya mtu aliyekwishatoka Madison, ana uzamivu mkononi na amerudi darasani Dar es Salaam. Dhifa ni ya profesa anayefundisha Gaborone, mbali na wasomaji wake wengi, na kitabu chenyewe kikachapwa Nairobi.

Nimewaandikia wenzangu: tusigawe kijitabu kwa dhamira (siasa, mapenzi, kifo), kama miongozo mingi ifanyavyo. Tukigawe kwa vituo hivi vitatu. Mhariri wetu amejibu kwa neno moja, "Endelea," na kwa jinsi ninavyomfahamu hiyo ni ridhaa kubwa.

11 Februari

Siku ya kusoma tu. Nimerudia Kichomi kuanzia utangulizi wa mwandishi mwenyewe, maana huo utangulizi umezua maneno mengi kuliko mashairi yenyewe. Anasema wazi kwamba mapinduzi ya diwani ile ni kutumia lugha ya kawaida, ile ambayo watu wanazungumza kila siku, na kwamba mtu halazimiki kuwa malenga wa jadi ndipo aandike ushairi wa Kiswahili.

Wengi wanaufundisha utangulizi huu kama tangazo la vita. Mimi nausoma kama maneno ya mwalimu. Kijana aliyetoka kisiwani Ukerewe, ambaye lugha ya mama yake ni Kikerewe, amesimama mbele ya wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi. Wachache kati yao wamelelewa na tenzi na mashairi ya mwambao. Wengi Kiswahili wamekikuta shuleni. Ukiwaambia kwamba ushairi ni wa wale tu waliorithi vina na mizani (silabi zinazofanana na hesabu ya silabi katika kila mstari), umewafungia nje wengi wao kabla hawajaandika mstari mmoja. Alichokuwa akikitafuta, kwa maoni yangu, ni mlango ambao wanafunzi wale wangeweza kupitia. Hili nataka likae mapema katika sura ya kwanza, kabla ya msamiati wowote wa uhakiki.

Ndani ya diwani kuna shairi linaloitwa kwa jina la kijiji chake, Namagondo. Kuna Dhamiri Yangu, kuna Mgomba, kuna Kisu Mkononi, ambalo msemaji wake ana kisu na anayapima maisha yake kama yanafaa kuendelea. Hili la mwisho litaleta mjadala na walimu. Tunaandikia vijana. Nimependekeza tulijadili, tusilikwepe, ila liwe na ukurasa unaomwelekeza mwalimu namna ya kulizungumza darasani kwa uangalifu, na kumkumbusha kwamba mwanafunzi anaweza kuwa analisoma akiwa na mzigo wake.

17 Februari

Nimemtembelea mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtunzi wa tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, tangu ujana wake. Mashairi yake yamewahi kusomwa redioni na kutoka magazetini. Nilitaka sauti ya upande wa pili iwemo kwenye kijitabu kwa heshima yake yote.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na yule Kezilahabi wako?"

Nilimsomea Mgomba. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mawazo mazuri. Yana uzito. Lakini sasa niimbie."

Sikuweza kuliimba. Naye akaanza ubeti wake mmoja, mizani kumi na sita kila mshororo, nane na nane, kina cha kati kikiitika kwa kina cha mwisho, na mshororo wa nne ukafunga kama mlango. Hakusoma, aliimba. Mjukuu wake aliyekuwa uani akaitikia kibwagizo bila kuambiwa.

Hiyo ndiyo hoja ya wanajadi kwa ukamilifu wake, na ina mashiko. Kaluta Amri Abedi aliiweka kwenye maandishi mwaka 1954 katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi: shairi ni wimbo, na lisiloimbika halijawa shairi. Washairi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi Tanzania, walisimama hapo. Jumanne Mayoka aliandika mwaka 1986 kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja mgogoro wa ushairi, na miaka miwili baadaye Ibrahim Noor Shariff akatoa Tungo Zetu, utetezi mkali wa mapokeo ya mwambao. Hawa hawakuwa watu wa kupinga jambo kwa sababu ni jipya. Walikuwa wanalinda sanaa ambayo jamii nzima inaishiriki kwa sikio, hata asiyejua kusoma. Tarbia unaweza kuibeba kwa moyo na kuipeleka harusini. Shairi huru linataka karatasi.

Mzee aliniuliza tena nilipokuwa naaga: "Alikuwa anazijua bahari, au alizikimbia?" Bahari, yaani aina za mashairi ya mapokeo. Swali zuri mno. Nitalijibu ndani ya kijitabu.

20 Februari

Jibu la swali la mzee lipo kwenye safu ya kazi za chuo. Mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili Mlimani miaka ya 1970 hakuweza kuyakwepa mapokeo. Ndiyo yaliyokuwa somo lenyewe. Na alipochagua mada ya uzamili alimchagua Shaaban Robert, mtu ambaye mashairi yake yamesimama juu ya vina na mizani. Ni kweli tasnifu inahusu riwaya zake, lakini hakuna anayekaa na Shaaban Robert miaka kadhaa asiyasome mashairi yake. Kezilahabi aliiacha nyumba ambayo vyumba vyake alivijua vyote.

Wala hakuwa peke yake. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, nao wa chuo hichohicho, walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976 na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Walitetea kwamba vina na mizani ni pambo linalofaa, lakini uti wa mgongo wa ushairi uko kwingine. Mulokozi baadaye alizama katika enanga, tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa zeze la nanga, ambazo hazifungwi na vina vya kati na vya mwisho. Hapo ndipo ninapoona hoja ambayo wanafunzi wetu hawapewi: ushairi usio na vina haukuletwa wote kwa meli kutoka Ulaya. Watu wa maziwa makuu walikuwa na ushairi wao wa kuimbika, usio na vina vya mwambao, karne nyingi.

Nimeongeza kisanduku kidogo kuhusu Ukerewe. Kisiwa hichohicho kilitupa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kezilahabi alikuwa mtoto wa mwaka mmoja wakati mswada ule unakamilika. Najua kisanduku hiki kinatutoa njiani kidogo. Mhariri akitaka kukikata nitakitetea.

2 Machi

Leo darasani. Shule moja ya sekondari imetukubalia kujaribu sura ya pili na wanafunzi wa kidato cha sita, kipindi cha mchana.

Nilichagua Mafuriko, kutoka Karibu Ndani. Mwalimu wao alilisoma kwa sauti mara mbili. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa binti aliyekaa karibu na dirisha: "Mwalimu, kama hakuna vina wala mizani, tunahesabu nini?"

Nikamwambia, sawa, tuhesabu. Njoo ubaoni, andika kila kitu ambacho mshairi anasema ataandikia wimbo wake juu yake. Wenzake wakawa wanamtajia: mbawa za nzi, mbawa za wadudu warukao, mistari ya pundamilia, masikio makubwa ya tembo. Halafu kuta: za vyooni, za maofisini, za madarasani. Mapaa ya nyumba. Kuta za Ikulu. Khanga. Tisheti.

Ubao ulipojaa, darasa likaanza kuona lenyewe. Mmoja akasema orodha inapanda kutoka kwa mdudu anayefukuzwa kwa mkono mpaka kwa mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Mwingine akasema kuta zinapanda vilevile, kutoka chooni mpaka Ikulu, na kwamba mshairi amezipanga kana kwamba zote ni kuta tu. Yule binti wa dirishani, ambaye alikuwa bado ameshika chaki, akazungushia duara maneno "juu ya" kila yalipojirudia, akageuka: "Hii ndiyo mizani yake."

Ndiyo hasa. Takriri ile inafanya kazi ambayo kina kingefanya: inalipa sikio kitu cha kungojea. Na ukisikiliza vizuri, ni orodha inayoweza kusomwa kwa kupokezana, mmoja akitaja na wengine wakiitikia. Ule wimbo wenyewe ambao mshairi anataka uandikwe kila mahali unakuja baada ya orodha, nao ni onyo fupi: mafuriko ya mwaka huu yanazitishia nyumba kongwe za bondeni. Diwani ilitoka mwaka 1988. Wanafunzi hawakuhitaji msaada wa kuuliza ni nyumba gani kongwe.

Mimi nilikaa na neno moja katika orodha ile, "madarasani". Mhadhiri ameweka ukuta wa darasa lake kati ya choo na Ikulu. Anajua kwamba pale ubaoni, kila siku ya kazi, kuna mahali pa kuandikia onyo. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba mshairi na mwalimu walikuwa mtu mmoja.

Nimeomba ruhusa ya kuupiga picha ubao ule, nikapewa. Utakuwa mchoro wa kufungulia sura ya pili.

3 Machi

Sura ya pili imeandikwa upya asubuhi moja. Inaanza na orodha ya ubaoni, nadharia inafuata.

11 Machi

Madison. Sehemu ngumu kuliko zote kumweleza kijana wa miaka 18.

Tasnifu ya uzamivu ya mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kwa ufupi kadiri ninavyoweza: anahoji jinsi kazi za Kiafrika zinavyopimwa kwa mizani iliyotengenezwa na falsafa ya Magharibi, kisha zikaonekana pungufu kwa kuwa hazikutengenezwa kwa ajili ya mizani hiyo. Anataka uhakiki unaoanzia ndani ya namna Waafrika wanavyoyaelewa maisha na lugha.

Kinachonigusa ni yaliyofuata aliporudi. Mtu mwingine angeandika vitabu vya nadharia mpaka kustaafu. Yeye akatoa diwani mwaka 1988, kisha riwaya mbili fupi, Nagona na Mzingile, zisizofanana kabisa na zile nne za mwanzo. Hakuna tena kijiji chenye jina wala binti anayekwenda shule ya bweni. Kuna safari kama ya ndotoni, vizee, njia zinazojizungusha, maswali yasiyojibiwa. Kwa maneno mengine, tasnifu yake iliendelea kuandikwa, safari hii kwa Kiswahili, kwa sanaa, kwa msomaji wa nyumbani. Wahakiki wamezichambua sana riwaya hizo mbili, lakini wanafunzi wanakutana nazo bila kuambiwa kwamba aliyeziandika alikuwa ametoka kufikiri kwa miaka kuhusu swali lilelile.

Nimeandika pia aya kuhusu ile miaka 14 ya kati. Nimeona mahali inaitwa miaka ya ukimya, na neno hilo silikubali. Katika miaka hiyo alitoa riwaya mbili, akaandika makala, hadithi fupi, tasnifu mbili na tamthilia. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu, karatasi ikiwemo, na wachapishaji walikuwa taabani. Tamthilia yake ya Kaptula la Marx, yenye kejeli kali kwa viongozi waliovaa itikadi isiyowatosha, aliiandika miaka ya 1970 ikachapwa mwaka 1999. Mwaka wa kuchapwa na mwaka wa kuandikwa ni mambo mawili, na mwanafunzi lazima afundishwe kuvitenganisha, hasa kwa mwandishi wa nchi yetu na wa wakati ule.

Hapo nimekumbuka kuongeza kwamba Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni ilipotoka, kisha ikaja kuwa kitabu cha kusomwa shuleni. Mhadhiri yule alikuwa anafundisha huku kitabu chake mwenyewe hakiruhusiwi kuvuka lango la sekondari. Sina haja ya kuongeza maoni hapo. Mstari mmoja unatosha.

20 Machi

Mjadala mrefu na wenzangu kuhusu kurasa mbili za majirani. Mhariri anaziona hazina ulazima. Mimi naona bila majirani mwanafunzi atadhani Kezilahabi alikuwa kisiwa.

Nilichotetea ni hiki. Mwaka 1988 haukuwa na Karibu Ndani peke yake. Mwaka huohuo Alamin Mazrui alitoa Chembe cha Moyo, diwani iliyotokana na kuwekwa kwake kizuizini Kenya mwaka 1982 akiwa mhadhiri wa chuo kikuu. Naye aliendelea kuandika na kufundisha, baadaye Marekani. Kithaka wa Mberia, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuja baadaye na Mchezo wa Karata mwaka 1997 na Bara Jingine mwaka 2001. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, mwandishi wa Sikate Tamaa na Kina cha Maisha, alifundisha miaka mingi Bayreuth, Ujerumani.

Na wa lazima kabisa ni Abdilatif Abdalla, kwa sababu anavunja kanuni rahisi ambayo wanafunzi wanapenda kuikariri, kwamba wa chuo kikuu ni wa mashairi huru na wa mtaani ni wa mapokeo. Abdilatif alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 kwa waraka wake wa Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika gerezani yakawa Sauti ya Dhiki, mwaka 1973. Alifanya kazi Dar es Salaam katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha London, na kuanzia mwaka 1995 akafundisha Leipzig, Ujerumani, mpaka alipostaafu. Bahari za mapokeo hakuziacha, na siasa yake ni kali kuliko ya wengi walioziacha. Chuo kikuu, basi, hakimwagizi mtu aandike kwa umbo gani.

Mhariri alikubali, kwa sharti kwamba kurasa zibaki mbili na zisiwe tatu. Haki yake.

4 Aprili

Suala la haki limechukua wiki yote na lilistahili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mashairi ya Kezilahabi, basi, yana wenyewe kwa muda mrefu ujao, na hatuwezi kuyachapa mazima kwa sababu tu tunayapenda na kazi yetu ni ya elimu. Tumeamua kunukuu mistari michache pale uchambuzi unapoihitaji, kueleza mengine kwa maneno yetu, na kumwelekeza msomaji kwenye diwani zenyewe. Kwa shairi moja tu, Mafuriko, tumeandika barua ya kuomba kibali cha kulichapa lote.

Uamuzi huu umenipa faida nisiyoitarajia. Mwanafunzi akitaka kuona shairi lilivyo, itabidi akitafute kitabu. Tumetenga ukurasa wa mwalimu unaoshauri jinsi ya kuandaa nakala chache za maktaba ya shule kwa zamu, kila kundi wiki yake.

13 Aprili

Tarehe yake ya kuzaliwa. Nimeitumia kuandika sura ya tatu, Gaborone.

Hii ndiyo sura yenye maelezo machache kuliko zote katika vitabu tulivyo navyo, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwandishi wa Kiswahili anahamia nchi ambako watu wanazungumza Kitswana. Kazi yake ya kila siku ni fasihi ya Kiafrika kwa wanafunzi ambao wengi wao hawawezi kusoma vitabu vyake. Anakaa huko miaka mingi. Kisha, mwaka 2008, anatoa diwani: kwa Kiswahili. Angeweza kabisa kuandika kwa Kiingereza, lugha aliyoandikia tasnifu yake na iliyokuwa ikimzunguka kazini. Wasomaji wa ng'ambo wangempata haraka zaidi. Ilibidi wasubiri mpaka mwaka 2015, Annmarie Drury alipotoa Marekani tafsiri ya mashairi yake teule kwa jina la Stray Truths.

Nimeweka swali moja tu mwisho wa sura, la insha: mshairi anayeishi mbali na wanaozungumza lugha yake anamwandikia nani? Nilijaribu kuandika jibu la mfano kwa ajili ya mwalimu. Nimelifuta. Walimu wataweza.

26 Aprili

Msanifu wa kurasa ameleta rasimu. Diwani tatu kila moja ina rangi yake, na mstari wa miaka unapita chini ya kila ukurasa, kazi za chuo upande wa juu, vitabu upande wa chini. Kwa macho tu unaona jinsi uzamivu wa mwaka 1985 ulivyokaa kati ya Gamba la Nyoka na Karibu Ndani kama daraja. Nimemwomba apunguze picha ya jalada na aongeze nafasi nyeupe kuzunguka mistari iliyonukuliwa. Shairi huru linahitaji nafasi hiyo, kwa kuwa kukatika kwa mstari ni sehemu ya maana yake. Mstari ukivunjwa na ukingo wa ukurasa badala ya mshairi, tumeliharibu. Amerekebisha palepale.

Kisanduku cha Kitereza kimebaki.

9 Mei

Nakala za majaribio zimetoka na zimekwenda kwa walimu watano wa Kiswahili, wa shule tofauti. Tumewaomba waandike pembezoni kwa kalamu, wasitujazie fomu.

Nakala moja nilimpelekea mzee wa tarbia. Alisoma kwanza kurasa zinazohusu wanajadi, kidole kikifuata mstari, akanionyesha mahali nilipoandika kwamba tarbia ni "umbo". "Andika ni bahari," akasema, "umbo ni la chungu." Nimebadilisha. Kisha akaenda kwenye orodha ya Mafuriko, akaisoma kimyakimya, akarudia kwa sauti, na mara ya tatu akaanza kupiga meza kwa kiganja kila alipofika kwenye "juu ya".

"Hii," akasema, "ukimpa mtu wa ngoma, ataiweza."

Nimemuuliza kama atakubali kurekodiwa akiisoma hivyo, na kiganja chake, kwa ajili ya sauti zitakazoambatana na kijitabu. Amekubali, ila anataka tarbia yake moja irekodiwe siku hiyohiyo ili wanafunzi wazisikie zote mbili. Studio ni wiki ijayo. Kibali cha Mafuriko bado tunakisubiri. Kikichelewa, sauti itabeba ile orodha peke yake na ukurasa wa 22 utabaki kama ulivyo, na picha ya ubao.